Gari la umeme haliingizi chaji hapo fletini: dalili, chanzo na dawa yake

Gari la umeme likigoma kuchaji kwenye maegesho ya fleti, mara nyingi kosa liko ukutani. Soketi imelegea, waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) umekatwa, au breka moja inabeba shawa, friji na gari kwa pamoja. Gari lenyewe, pamoja na kile kisanduku kilicho katikati ya kebo, hukagua umeme muda wote na hukata likitokea jambo lisilo sawa. Kukata huko ndiko watu wanakokuita ubovu, wanakimbilia gereji na kulipia uchunguzi wa betri isiyo na tatizo lolote.

Maelezo haya yanahusu hasa magari yanayoonekana kwa wingi kwenye maghorofa ya Dar es Salaam na Nairobi: Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani, na magari mapya ya Kichina. Vifaa vinavyohitajika ni malitimita, mita ya kubana ya kupimia ampea, na mgongo wa kiganja chako wa kupimia joto. Kufungua bodi ya umeme ni kazi ya fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, ambazo ni mamlaka za udhibiti wa nishati. Wewe unaweza kusoma dalili na kumwelekeza.

Taa nyekundu mara tu unapochomeka

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni ethi. Kisanduku cha kebo hakiruhusu umeme kwenda kwenye gari mpaka kijiridhishe kwamba waya wa ethi upo na unafanya kazi. Simu, runinga na feni haviulizi habari za ethi, ndiyo maana soketi inaweza kutumika miaka kumi bila ethi na hakuna aliyejua.

Pima soketi hivi. Kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) upate volti 220 hadi 250. Kati ya laivu na ethi upate karibu namba ileile. Kati ya nyutro na ethi iwe volti 2 au 3 kushuka chini. Ukikuta laivu na ethi inasoma kama nusu, au namba inayumbayumba haitulii, ethi haipo: waya unaelea. Ukikuta tundu la laivu linasoma sifuri kwa ethi, na tundu la nyutro ndilo linalosoma 230, basi nyaya zimegeuzwa. Baadhi ya visanduku hukubali nyaya zilizogeuzwa na baadhi hukataa, lakini zirekebishwe kwa vyovyote, kwa sababu fyuzi ya plagi inakuwa imekaa upande wa nyutro na haikulindi ipasavyo.

Ethi hupotea wapi? Kwenye maghorofa ya zamani, soketi ya maegesho mara nyingi ilivutwa baadaye kwa waya wa njia mbili, kwa ajili ya taa ya mlinzi au pampu ya maji. Pengine waya wa shaba unaoshuka kwenye fimbo ya ethi, ile iliyozamishwa ardhini, uliibwa. Pengine fimbo ipo ila udongo umekauka. Kama gari linachaji vizuri masika na kugoma kiangazi, peleleza fimbo kwanza: ukinzani wa udongo mkavu hupanda sana. Fundi apime kwa kipimo cha ethi. Lengo liwe chini ya ohm 100, na ikizidi 200 huwezi kuitegemea. Dawa ni kuongeza fimbo ya pili, au kuzamisha ndefu zaidi hadi ifike kwenye udongo wenye unyevu.

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wengine huitoa hapo, nayo ni ya kukataa bila kuona haya: kuunga ethi na nyutro ndani ya soketi kwa kipande kifupi cha waya. Taa ya kijani itawaka kweli. Lakini siku nyutro itakapokatika mahali fulani kati ya soketi na mita, bodi nzima ya gari itakuwa na volti 230, na mtoto atakayeshika kitasa akiwa peku kwenye sakafu yenye maji ndiye atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Ukigundua kiungo hicho kwenye soketi yako, izime kwenye breka na usiitumie hata kwa simu.

Linachaji kwa umeme wa gridi, linagoma kwa jenereta

Umeme umekatika, jenereta la jengo limewaka, taa zote zipo, lakini gari linaonyesha hitilafu. Jenereta nyingi hufungwa nyutro ikielea, bila kuunganishwa na ethi ya jengo. Kisanduku kinapima, hakioni uhusiano kati ya nyutro na ethi, kinahesabu kwamba ethi haipo. Ni hali ileile kwa inveta ndogo za nyumbani. Fundi wa jenereta anaweza kuunga nyutro na ethi mahali pamoja tu, kwenye jenereta lenyewe au kwenye swichi ya kubadilishia, akizingatia kwamba umeme wa gridi ukirudi viungo visiwe viwili.

Hata hivyo, jiulize kama unahitaji kweli kuchaji kwa jenereta. Lita ya dizeli inayochomwa kwenye jenereta la jengo inatoa umeme wa bei kubwa kuliko wa mita, na msimamizi wa jengo atakuona ukivuta kilowati 3 wakati wengine wanaomba lifti tu ifanye kazi. Kwenye bodi, iweke njia ya gari upande usiopata jenereta, na ugomvi huo hautatokea.

Linaanza vizuri, linakata baada ya nusu saa

Dalili hii ndiyo ya kuogopa kuliko zote, kwa kuwa chanzo chake kwa kawaida ni joto.

Chomoa plagi dakika 30 baada ya kuanza kuchaji, uiangalie kwa karibu. Pini ya laivu ikiwa na rangi ya kahawia au ya samawati badala ya njano ya shaba, na tundu lake kwenye soketi likiwa na duara la kuungua kama ukingo wa chapati, basi hapo ndipo umeme unapopotelea. Harufu yake ni kama ya samaki aliyeungua kidogo, na ni plastiki ya soketi inayoanza kuoza kwa joto. Mgongo wa kiganja usipoweza kukaa kwenye plagi kwa sekunde tano, simamisha kazi.

Sababu ni hesabu ndogo. Skrubu iliyolegea au kibano kilichochoka ndani ya soketi kinaweza kuwa na ukinzani wa ohm 0.1. Kwa ampea 13, hiyo ni wati 17 zinazogeuka moto ndani ya nafasi ndogo kama kiberiti, sawa na kichomeo cha fundi redio kilichowashwa usiku kucha. Ukishusha hadi ampea 10 zinabaki wati 10, na kwa ampea 8 zinakuwa wati 6 na nusu. Joto hupungua kwa kasi kuliko ampea, ndiyo maana kushusha kidogo tu kunaokoa soketi. Birika la umeme huvuta mkondo kama huo lakini kwa dakika nne; gari linavuta saa kumi mfululizo, na soketi ya kawaida ya matundu matatu haikuzoea hivyo.

Mahali panapoharibika zaidi ni kebo za Leaf kutoka Japani. Kebo ya awali imeandikwa 200V 15A na ina plagi ya Kijapani. Ikifika huku inakatwa na kufungwa plagi ya 13A ya Kiingereza. Kisanduku hakijui kilichofanyika: kinaendelea kuliambia gari livute ampea 15. Fyuzi ya 13 iliyomo kwenye plagi haikatiki kwa ampea 15, inachemka tu. Kebo ya namna hii ifungwe plagi ya bluu ya viwandani ya ampea 16, yenye pini tatu za duara, na soketi yake kwenye njia ya peke yake. Na kama kebo imeandikwa 100V, usiichomeke kwenye umeme wetu kabisa.

Dawa ya haraka: weka kisanduku kwenye ampea 8 au 10 ikiwa kina kitufe cha kuchagua, badilisha soketi nzima (kukaza skrubu za soketi iliyokwisha kuungua hakusaidii, kibano chake kimepoteza ukakamavu), na nunua soketi yenye alama ya EV mgongoni. Dawa ya kudumu imeelezwa chini.

Ekstensheni inastahili neno lake. Kuna wanaoteremsha ekstensheni ya kuviringisha kutoka dirisha la ghorofa ya pili. Waya wake kwa kawaida ni wa milimita 1.5 za mraba, na ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu joto halina pa kutokea, tabaka za ndani huyeyuka na kugandamana kabla ya nje kuonyesha lolote. Kama huna njia nyingine kwa usiku mmoja, ikunjue yote mpaka mwisho, weka ampea 6, na kiungo cha plagi kisikae chini ambapo maji ya mvua yatapita.

Breka inashuka

Kwanza tambua ni ipi iliyoshuka. Yenye kitufe cha T ni RCD, inayolinda dhidi ya umeme unaovuja. Isiyo na kitufe ni breka ya kawaida, inayolinda waya dhidi ya mzigo mkubwa au shoti.

Breka ya kawaida ikishuka saa moja jioni au alfajiri, na kila mara mtu akiwa anaoga, tatizo ni hesabu ya jumla. Shawa ya umeme ya kilowati 5.5 peke yake inavuta ampea 24. Ongeza gari ampea 15, pasi ampea 9, friji na taa: umekaribia 50. Bodi nyingi za fleti zina swichi kuu ya 40 au 60, na mita nyingi za kulipia kabla nazo hukata zenyewe zikizidiwa, kisha hurudi baada ya muda. Hapo huna haja ya kubadilisha breka. Hamishia chaji usiku wa manane, au funga chaja ya ukutani yenye kihisi cha kubana kwenye waya mkuu: kihisi kikiona shawa imewashwa, chaja inashusha gari hadi ampea 6, na maji yakifungwa inapandisha tena. Fundi akikuambia aweke breka ya 63 mahali pa 40, muulize waya ulio nyuma yake ni wa milimita ngapi. Breka kubwa kwenye waya mdogo ni kumwondoa mlinzi langoni.

RCD ikishuka papo hapo, tafuta maji au chumvi. Kwenye majengo ya karibu na bahari, Msasani, Nyali na kwingineko, hewa ya chumvi hufanya pini za bunduki ya kuchajia (kichwa cha kebo kinachoingia kwenye gari) zipate ukungu wa kijani. Zikaushe, zisugue kwa brashi ya nailoni na spirti ya umeme, na bunduki ining'inizwe mdomo ukitazama chini, ndani ya kifuniko. RCD ikishuka kwa kubahatisha, mara mbili kwa wiki bila mpangilio, huenda inabeba fleti nzima: friji inavujisha kidogo, hita ya maji kidogo, chaja ya gari kidogo, na zikijumlishwa zinakaribia miliampea 30. Gari lipewe RCD yake.

Jambo ambalo halionekani kwa macho ni aina ya RCD. Za bei rahisi ni aina ya AC. Chaja ya ndani ya gari inaweza kuvujisha mkondo wa moja kwa moja (DC, kama wa betri), na mkondo huo huipumbaza RCD ya aina ya AC: kitufe cha T kinaweza kuonekana kizima, lakini siku ya hatari isikate. Njia ya gari inataka RCD ya aina ya A pamoja na kinga ya miliampea 6 za mkondo wa moja kwa moja (chaja nyingi za ukutani zinayo ndani, soma karatasi yake), au RCD ya aina ya B.

Linachaji polepole mno

Kabla ya kutafuta ubovu, piga hesabu. Ampea 10 kwa volti 240 ni kilowati 2.4, na baada ya upotevu betri inapata kama 2.1. Leaf ya kWh 40 kutoka asilimia 20 hadi 80 inahitaji kWh 24, yaani saa 11 na nusu. Hakuna kilichoharibika.

Wengine hununua chaja ya ukutani ya kilowati 11 na kushangaa inatoa 3.7. Kilowati 11 ni ampea 16 kwenye njia tatu za umeme (fezi tatu). Leaf inatumia njia moja tu, na ile ya soko la Japani kwa kawaida ina chaja ya ndani ya kilowati 3, nyingine 6. Chaja ya ukutani haiwezi kulazimisha gari lipokee zaidi ya uwezo wake. Kwa gari la aina hiyo, chaja ya njia moja ya ampea 16 au 32 inatosha, na pesa iliyobaki nunulia waya mnene.

Waya mnene ndio unaoamua mengine. Pima volti kwenye soketi kabla ya kuchaji, kisha pima tena gari likiwa linavuta. Ikiwa 238 imeshuka hadi 219 kwa ampea 10, wati 190 zinapotea njiani muda wote. Sasa fundi apime kwenye bodi karibu na mita kwa wakati huohuo. Bodini pakibaki 236, hasara iko kwenye waya wako. Bodini napo pakishuka, tatizo ni la transfoma ya mtaa au kiungo cha mita, na hilo ni la kuripoti kwa shirika la umeme. Waya wa shaba wa milimita 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita ya urefu: mita 50 kwa ampea 10 ni volti 9. Wa milimita 6 hupoteza 7.3, wa milimita 10 hupoteza 4.4.

Usiku halikuanza, asubuhi betri ipo vilevile

Umechomeka, kila kitu ni kizima, lakini halikuchaji. Angalia taima ya gari, kisha angalia saa yake. Magari mengi kutoka Japani hubaki na saa ya Japani, iliyotutangulia kwa saa 6. Na hapa Waswahili tuna mtego wetu wenyewe: hesabu yetu ya saa nayo imepishana na ya Kizungu kwa 6. Tunapokuwa saa nne usiku, saa ya gari ambayo haijarekebishwa inaonyesha 4:00. Dereva anaitazama, anaona nne, anaridhika. Akiweka taima ianze 22:00, gari litaanza saa kumi jioni yetu, wakati bado liko barabarani. Akirudi saa mbili usiku, dirisha la kuchaji linaweza kuwa limekwisha. Rekebisha saa iwe 22:00 tunaposema saa nne usiku, au futa taima kabisa.

Kama taima imezimwa na bado kimya, shuku kitufe cha bunduki. Kwenye bunduki ya aina ya kwanza, inayotumika na Leaf, kitufe cha dole gumba kina swichi ndogo ndani inayolijulisha gari kwamba unataka kuchomoa. Vumbi likiingia, swichi inakwama na gari linakataa kuchaji kwa adabu. Chomoa kebo ukutani, pima ukinzani kati ya pini ndogo ya ukaribu (inayolijulisha gari kwamba bunduki imechomekwa) na pini ya ethi: bila kubonyeza ni karibu ohm 150, ukibonyeza ni karibu 480. Namba isipobadilika, au ikibaki 480, umepata mwizi wako. Kama unatumia adapta kati ya bunduki na gari, jaribu kwanza bila adapta.

Njia ya kudumu ya kuomba kwa mwenye jengo

Omba njia moja, kutoka kwenye mita yako mwenyewe hadi nafasi yako ya kuegesha. Kwa chaja ya ampea 16, waya wa milimita 4 na breka ya 20 hutosha kwa umbali mfupi. Kwa chaja ya ampea 32, waya wa milimita 6 wenye deraya, breka ya 40, hadi kama mita 30; zaidi ya hapo nenda milimita 10. RCD kama ilivyoelezwa, swichi ya kuzimia inayoonekana karibu na gari, na chaja ifungwe urefu wa mita moja na zaidi kutoka sakafuni, kwa sababu maegesho ya chini hufurika. Barua yako kwa msimamizi iwe na mchoro wa mahali waya utakapopita, jina la fundi mwenye leseni, na ahadi kwamba ukihama utaondoa au kumwachia mwenye nyumba. Wasimamizi wengi hukataa jambo lisiloeleweka, na mchoro wa ukurasa mmoja huwapa kitu cha kusaini.

Uniti zinakwisha haraka

Gari linalokula kWh 15 kwa kilomita 100, likitembea kilomita 40 kwa siku, linahitaji kama kWh 7 kwenye mita. Kwa siku 26 ni uniti 182. Kwa Tanzania, ikiwa uniti ni shilingi 356 pamoja na kodi, hiyo ni takriban shilingi 65,000. Aliyekuwa kwenye daraja la watumiaji wadogo wa chini ya uniti 75 atalivuka mwezi wa kwanza, na nyumba nzima itapanda bei. Kwa Kenya, ngazi za matumizi ya nyumbani hukatwa kwenye uniti 30 na 100, kwa hiyo gari litakusukuma ngazi ya juu. Kenya ilianzisha mwaka 2023 bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme, yenye nafuu usiku, lakini inahusu mita iliyosajiliwa kwa kazi hiyo.

Pale ambapo huna budi kutumia soketi ya jengo zima, funga mita ndogo ya kupachika bodini, ipigwe picha tarehe 1 ya kila mwezi mbele ya msimamizi, na ulipe uniti zilizosomwa kwa bei ileile ya mita kuu.